Bakuli Chini ya Tano ya Pau

Haya alinihadithia Mwatima wa Wawi, siku ya arubaini ya mkwewe Bi Asya, tulipokuwa uani tunachagua mchele. Nilimuuliza kwa nini Tatu, yule mwanamke wa Kisiwa Panza, amekaa peke yake kule penye mbuzi ya nazi, na hapana aliyempelekea hata kikombe cha chai. Mwatima akatazama nyuma yake, akatazama dirishani, akausogeza ungo karibu na wangu. Akaanza na karata.

Basi. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi, wa pili tangu vyama kuwa vingi, na mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakainama. Kila alasiri, watu wakishaswali, wanawake wanne walikaa ukumbini kwa Bi Asya, upande wa uani. Kwanza walichambua karafuu, makonyo, vile vikonyo vyake, huku, karafuu huku. Vidole vikishageuka vyeusi na kuanza kuuma, walitandika jamvi dogo wakacheza karata, ule mchezo wa wahedi wa sitini, huku majamvi makubwa ya karafuu yakikauka juani mbele yao.

Mwenye nyumba, Bi Asya, alikuwa mjane, mama yake Nassor. Mumewe, Mzee Khatib, alipanda mashua kwenda ng'ambo miaka mingi nyuma, na mashua haikufika ilikokwenda wala haikurudi ilikotoka. Aliswaliwa bila ya maiti. Mwatima alikuwa mke wa Nassor, akikaa nyumba hiyo hiyo. Wa tatu alikuwa Bi Maisa, ambaye babu yake alimiliki mashamba mpaka Ole, na yeye akabakiwa na cherahani na banda moja la mawe huko Ole, la kuwekea karafuu. Wa nne ndiye Tatu, aliyeolewa Wawi kutoka Kisiwa Panza na kufiwa na mume, akiuza samaki wa kukaanga mlangoni kwake. Bi Asya alicheza na Tatu. Mwatima alicheza na Bi Maisa.

Mwaka ule kupata watu wanne wa kukaa jamvi moja haikuwa jambo dogo. Watu walikuwa wamegawana maduka, wamegawana visima, wamegawana mpaka misiba. Ukimtolea mtu salamu, hutazama kwanza mlango uliotokea, ndipo akaitika. Bi Maisa alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi ofisi ya serikali Chake, basi upande mmoja ulimsema. Tatu alikuwa na ndugu yake mwenye mashua, upande wa pili ukamsema. Bi Asya alisema jamvi lake halina bendera, na anayetaka bendera akakae juani na karafuu.

Pakiti ya karata ilikuwa kuukuu, ya kutoka Mombasa. Siku moja mbuzi aliingia ukumbini akaitafuna tano ya pau, na alipofukuzwa alikuwa ameshakula pembe moja. Tangu hapo tano ya pau ilijulikana hata ikiwa imefunikwa, kila mtu akaona iko mkononi mwa nani. Katika wahedi wa sitini tano ni garasa, haina hesabu. Ree, ile karata ya moja, ina kumi na moja, saba ina kumi, wazungu, zile za picha, wana yao kidogo kidogo, garasa halina kitu. Na garasa lililoliwa na mbuzi haliwezi hata kujificha.

Watu wengi hulitupa garasa upesi, kama mtu anayetoa mwiba. Bi Asya hakuwa hivyo. Mwatima alipoolewa, mkwewe alimfundisha karata kabla ya kumfundisha jiko. "Mwanangu, usilitupe garasa mwanzo," alimwambia. "Liweke. Wenzio wakila karata za jamvini, watie wazungu wao wenyewe, si wako. Ukitaka kujua nani ana nini, anza na garasa, watajitaja wote. Na likiwa ndiyo karata yako ya mwisho, hapana wa kukudai kitu. Garasa ni macho. Wanaolidharau wanacheza kipofu." Bi Asya aliikalia tano ya pau mpaka mwisho, nayo iko wazi watu wote wanaiona, na akashinda.

Sheria ya jamvi lake ilikuwa moja: mtu akianza na kopa, mwenye kopa lazima atoe kopa. Asiyekuwa nayo ndiye hutoa apendalo.

Sasa Nassor. Nassor alipanda mkarafuu mrefu ulio karibu na njia kuu akafunga bendera ya chama chake kileleni. Askari walikuja kuishusha. Walikuwa watu wa bara, mkarafuu hawaujui, wa kwanza alifika nusu akabaki kukumbatia tawi mpaka akaletewa ngazi. Bendera ikabaki juu. Kwa kuwa haikushuka, wakamtaka aliyeipandisha.

Nassor alifichwa bandani kwa Bi Maisa, huko Ole. Mwatima alimpelekea chakula ndani ya beseni, juu kakifunika kwa majani ya muhogo, akatembea kama anayetoka kuchuma kisamvu. Mwezi ukishaingia giza, ndugu yake Tatu angemvusha kwa mashua mpaka Shimoni, Kenya. Mambo haya waliyajua wanawake wanne wa jamvi na huyo mwenye mashua, na mwenye mashua alijua siku tu, hakuambiwa mahali.

Kabla ya mwezi kuingia giza, askari walifika Ole alfajiri. Hawakuuliza njia. Walipita nyumba zote, wakapita banda la kwanza na la pili, wakasimama kwenye la Bi Maisa, wakamwita Nassor kwa jina, wakaondoka naye.

Alasiri ya siku ile wanawake wote wanne walikuja jamvini, na walikuja mapema. Asiyekuja angekuwa amejitaja. Walichambua karafuu, kisha Bi Asya akachanga karata, wakacheza. Hapana aliyelia. Mwatima aliwatazama mikono, maana nyuso zilikuwa zimefungwa.

Mchezo ulipokwisha wakahesabu. Rundo la Bi Asya na Tatu lilikuwa limelowa. Tano ya pau ilikuwa katikati yake, inachuruzika. Bi Maisa akatia kidole, akaonja.

"Ya chumvi," alisema. "Maji ya pwani haya."

Wawi haiko pwani. Hapana aliyeuliza maji ya bahari yamefikaje kwenye karata. Waliuliza ni ya nani, na waliuliza kwa macho.

"Mie n'natoka pwani," Tatu alisema, "lakini sikuja nayo kichwani."

"Hapana aliyekutaja, Bi Tatu," Bi Maisa alimjibu.

"Macho yenu yashanitaja."

"Mwenye jipu ndiye anayesikia maumivu," Bi Maisa alisema.

"Na mwenye banda je? Wamelijua vipi banda lako, Bi Maisa? Limeandikwa jina?"

"Bibi wee! Nimfiche mtu kwangu kisha nimchongee kwangu? Mie mwendawazimu?"

"Kaka yako yuko ofisini."

"Na kaka yako yuko majini, na karata imetoa maji. Haikutoa ofisi."

Bi Asya akasema basi, yatosha, karata zianikwe. Mwatima akazianika juu ya ungo, pamoja na karafuu.

Neno lilitoka nje ya ua. Nani alilitoa, kila mmoja alimdhania mwenziwe. Kabla ya Ijumaa Wawi nzima ilijua kwamba tano ya pau imetoa maji ya bahari kwenye rundo la mtu wa Kisiwa Panza. Hapana aliyebisha. Watu waliona ni ushahidi mzuri kuliko maneno ya mtu, kwa sababu karata haina chama. Samaki wa Tatu wakabaki kwenye sinia mpaka mafuta yakaganda. Wa chama hiki hawakununua kwa kuwa ndugu yake huvusha watu, na wa chama kile hawakununua kwa kuwa yeye huchongea watu. Akawabeba kichwani, akaenda kuwauza Ole kwa miguu. Baadaye Ole nao wakasikia.

Mwatima naye hakununua. Alikula muhogo mkavu na mkwewe, wakatazama pembeni.

Lakini jamvini Tatu aliendelea kuja. Na karata iliendelea kulowa, siku nyingine ndiyo, siku nyingine siyo.

Mwatima alikuwa na donge moja tu moyoni: nani. Alilala nalo, akaamka nalo. Aliwaambia wenzake kwamba akimpata mtu huyo atasimama barazani amtaje, watu wamtemee mate, na huenda wakubwa nao wakaona haya wakamrudisha mumewe. Basi akaacha kutazama rundo, akatazama mkono ulioishika karata. Kwa lile pengo la mbuzi haikuwa kazi.

Siku moja tano ya pau ilimwangukia Tatu. Tatu akaikalia mpaka karibu na mwisho. Ilipotua jamvini ilikuwa kavu, na hapana aliyesema kwamba ni kavu, maana watu hawatafuti ukavu. Siku nyingine ilimwangukia Bi Maisa. Kavu. Mwatima mwenyewe ilimwangukia, akaitia kifuani makusudi, akacheza nayo hapo. Kavu.

Halafu ikamwangukia Bi Asya. Bi Asya akaitupa mapema, pale pale alipopata nafasi, akajifuta kiganja kwenye kanga.

Mwatima hakutazama maji siku ile. Alitazama kule kutupa. Mwanamke aliyefundisha watu kulikalia garasa mpaka mwisho alikuwa amelitupa kama mwiba. Mwatima akajiambia labda mama anazeeka. Lakini lilipomwangukia tena, alilitupa tena, na rundo likalowa.

Siku iliyofuata Tatu aligawa, mwanzo ukawa wa Mwatima. Turufu ilikuwa kopa. Mwatima alinyanyua macho akaliona lile pengo la mbuzi mkononi mwa mkwewe, na mkononi mwake mwenyewe akaona uru nyingi nzuri. Akaanza na ree ya uru. Bi Asya alikuwa na uru, ikambidi atoe uru. Akaanza na saba ya uru. Bi Asya alikuwa nayo tena. Mwatima hakugusa pau, mkwewe asipate nafasi ya kuitupa ile tano.

Maji yalianza kwenye kifundo cha mkono. Yalishuka polepole mpaka kwenye kiwiko, kwenye kisugudi, yakadondoka.

Bi Maisa alikula mzunguko uliofuata. Aliutazama mkono wa Bi Asya, akamtazama Mwatima, akaanza na shupaza. Bi Asya alikuwa na shupaza. Siku hiyo karata zake zilikuwa mbovu, ndogo ndogo za kila aina, hakuweza kula hata mara moja akapata kuanza yeye.

Kisha akala Tatu. Tatu ndiye mwenziwe Bi Asya, na mwenzio akiwa taabani unamfungulia njia. Alikuwa na pau. Mwatima aliona kidole chake kinaigusa. Mkono wa gauni wa Bi Asya ulikuwa umelowa mpaka begani, na kaa mdogo, mdogo kama kifungo, alitoka humo akapita upande upande juu ya jamvi akaingia chini ya kizingiti. Tatu akamsindikiza kwa macho. Kidole kikahama. Akaanza na kopa.

"Bi Tatu," Bi Asya alisema, "huna pau?"

"Ninayo, dada."

Wakaendelea. Maji yalivuka jamvi dogo yakaelekea kwenye karafuu. Bi Maisa aliinyanyua pembe ya jamvi kubwa kwa mkono mmoja, karata zake kashika kwa mwingine, karafuu zisije zikaharibika. Ilipobaki karata moja moja, Bi Maisa alianza na ree ya pau. Bi Asya akaitua tano. Mwatima akaiokota na wenzake. Mkononi mwake ilikuwa kavu kama konyo.

"Sitini na moja mmepita," Bi Asya alisema. "Hata msihesabu."

Hapana aliyehesabu.

"Ulimwambia nani, Mama?" Mwatima aliuliza.

"Mkubwa mmoja. Jina lake halikusaidii."

"Kwa nini?"

Bi Asya alikamua mkono wa gauni lake, akakamua na kanga. "Baba yake Nassor alivuka bahari, nikaswalia hewa. Nyie mnakaa hapa mnapanga mashua, mwezi, giza, mie nasikiliza. Nimemtia mahali penye mlango. Mlango hufunguliwa. Waliniahidi, kura zikisha wanamrudisha. Nilisema watamweka hapa hapa Chake, nitampelekea uji."

"Wamempeleka Unguja, Mama. Kaka yake Bi Maisa katwambia juzi."

"Najua."

"Wamemtia melini."

"Najua, mwanangu. Nimesikia honi."

Kuku mmoja alikuja kunywa yale maji, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Tatu ndiye aliyesimama. Alijifunga kanga yake vizuri kama mtu anayetoka. "Basi twende barazani," alimwambia Mwatima. "Ulisema ukimpata utamtaja. Mtaje. Nisikie mtu akinunua samaki kwangu leo hii."

Mwatima alimtazama mkwewe. Bi Asya hakumwomba. Angemwomba, Mwatima alinambia, huenda angekwenda. Alikuwa anakamua kanga tu, na mikono yake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua mchana kutwa.

"Huyu ni mama yangu, Bi Tatu. Nitamtoaje nje?"

"Na mie?"

Mwatima akaanza kupangusa jamvi. Tatu akamgeukia Bi Maisa. Bi Maisa alikuwa anazikusanya karata, anazipanga, anazigonga pembe zilingane. Alikuwa na karafuu zake kwenye jamvi la Bi Asya, na kaka yake ofisini, na banda lililokwisha kuvunjwa mlango. Hakunyanyua kichwa.

Tatu akasimama kidogo tena. Wawi nzima hapakuwa na nyumba nyingine iliyomkaribisha hata mkeka. Akakaa.

"Haya, changa," alisema.

Siku iliyofuata tano ya pau ilimwangukia tena Bi Asya. Mwatima aliinuka akaenda jikoni, akarudi na bakuli la bati, la maua ya buluu, akalitia chini ya kisugudi cha mkwewe. Maji yakawa yanadondoka humo, tone tone, karafuu zikakauka salama. Tangu hapo bakuli likawa na mahali pake jamvini. Bi Asya alirudia kucheza alivyozoea, akalikalia garasa mpaka mwisho, na akashinda zaidi kuliko zamani, maana sasa alikuwa hana cha kuficha. Maji yakiwa mengi, Mwatima aliyaanika juani yakabaki chumvi, nyeupe, safi. Bi Maisa alichukua kidogo kwa achari. Ilikuwa chumvi nzuri.

Kura zikaja, zikahesabiwa, watu wakakimbia, wengine wakarudi. Nassor hakurudishwa. Kila alipouliza, Bi Asya aliambiwa asubiri. Bendera ilibaki kileleni pa mkarafuu mpaka ikawa haijulikani ni ya chama gani.

Na Tatu hakuna aliyemsafisha. Nje ya ua ule alibaki kuwa yule mwanamke wa Panza ambaye karata ilimtolea maji. Mwatima alianza kununua samaki kwake, lakini aliwanunua kwa mlango wa uani, akawafunika kwa upande wa kanga, jirani asione.

Jioni moja ya siku zile, walipokwisha kucheza na kila mtu kwenda kwake, Mwatima alikwangua chumvi ya bakulini akawapaka samaki wawili, akampakulia mkwewe. Bi Asya alikula, akachambua miiba akaipanga ukingoni mwa sahani.

"Samaki wa nani hawa?"

"Wa sokoni, Mama."

"Wamekolea."

"Ndiyo."

Bi Asya alinyonya mwiba wa mwisho, akauweka pamoja na wenzake. Akaswali isha, akamwombea mumewe kwa jina na mwanawe kwa jina, akapanda kitandani, na haukupita muda akaanza kukoroma. Ng'ambo ya njia taa ya Tatu ilizimwa. Mwatima aliosha sahani, akaliosha na bakuli, akalifunika kifudifudi juu ya jamvi liwe tayari kwa kesho. Akakomea mlango wa mbele na wa uani, akalala.